Maneno yote manne nayajua, mbona bado nakosa?

"Jambo, Mwalimu. Nimezaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Nimeomba kazi katika ofisi inayofuatilia malori yanayotoka Dar es Salaam na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Wanataka mtu atakayeandikiana na Watanzania, kwa hiyo wanatoa jaribio la Kiswahili sanifu: sentensi yenye pengo, chini yake maneno manne, unachagua moja. Jaribio la kwanza nilipata 11 kwa 30. Nikanunua kamusi, nikawa nakariri maneno ishirini kila usiku. Nimefika herufi K. Jaribio la pili nikapata 12. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi maneno yote manne nayajua, halafu lile ambalo sikio langu linalipenda ndilo linalokuwa kosa. Je, ninunue kamusi kubwa zaidi? Au Kiswahili chetu cha Lubumbashi ndicho kibovu? Nimebakiwa na wiki sita. Nawatumia sentensi tatu nilizokosa."

Dada yangu wa Katuba,

Nianze na kamusi, kwa kuwa hapo ndipo pesa yako inataka kwenda. Usinunue nyingine. Mtu anayekosa kwa uhaba wa maneno huniandikia kwamba mawili kati ya yale manne hakuwahi kuyaona. Wewe umeandika kwamba yote unayajua. Kukariri kutoka A hadi K kumekuongezea alama moja, na sishangai, kwa sababu jaribio hili haliulizi unajua maneno mangapi. Linauliza kama umeisoma sentensi yote na kusikia inataka nini. Pengo lina masharti. Maneno yanayolizunguka yameshaamua lipi litaingia na yapi yatabaki nje. Unachokosa ni mazoea ya kuyatafuta masharti hayo kabla ya kuyatazama machaguo.

Sasa hilo la Kiswahili kibovu. Naulizwa hivyo na vijana wa Ruashi, wa Kamalondo, wa komini ya Kenya, zote za Lubumbashi, na kila mara linaniuma. Hapana, si kibovu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja moja, Kiunguja cha Zanzibar, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Lahaja nyingine hazikuchaguliwa, basi. Chetu kilisikika Bunkeya, kwa mfalme Msiri, tangu karne ya 19, kisha kikakulia katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, ambako watu wa lugha nyingi walihitaji kusikilizana upesi. Lugha inayokua namna hiyo huacha mizigo njiani. Chetu kiliacha sehemu kubwa ya upatanisho wa ngeli, yaani kitenzi na sifa kufuata kundi la jina, na kwa bahati mbaya mzigo huo hasa ndio unaopimwa kwenye jaribio lako. Sikio lako ni zima kabisa, ila lilifundishwa kazi nyingine. Sentensi zako tatu zinaonyesha hivyo kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo tuzipitie taratibu.

Ya kwanza ni hii: "Mafuta haya ______ kwa safari ya kwenda Likasi na kurudi, kwa hiyo hatuna haja ya kununua mengine." Machaguo yalikuwa yanatoka, yanatosha, yanaisha, yanatolewa. Ulichagua yanatolewa. Nadhani najua kilichotokea. Nyumbani ukisema "Tosha kiti apa", unamwambia mtu akiondoe kiti. Neno kutosha kwako lina maana ya kutoa. Ulipoliona ukaona kwamba mafuta hayawezi kutoa kitu, ukalivuka, ukaenda kwa ndugu yake wa karibu, yanatolewa. Lakini katika sanifu kutosha ni kufikia kiasi kinachohitajika. Mafuta yanatosha, yaani hayapungui.

Hebu sasa ufunike machaguo yote kwa kiganja, usome sentensi hadi mwisho. Mwishoni inasema hatuna haja ya kununua mengine. Kwa nini mtu asiwe na haja ya kununua mafuta mengine? Kwa sababu aliyonayo ni ya kufika na kurudi. Hata kama ungekuwa hujui neno lenyewe, wazo lingekuwa limeshaingia kichwani: mafuta yanafika, mafuta si haba. Yanaisha lingetoka mara moja, maana mafuta yakiisha njiani utanunua tu. Ukibaki na yanatosha na yanatolewa, jiulize lipi linaweza kuzaa ile "kwa hiyo". Mafuta kutolewa hakumzuii mtu kununua mengine. Kidokezo kilikuwa baada ya pengo, nawe ulisimama kwenye pengo.

Kuna maneno mengine ya namna hii, na ningependa uyaandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari lako, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokudanganya kuliko neno gumu lolote. Paka, ambalo kwetu ni "tu" au "lazima", katika sanifu ni mnyama anayekamata panya, au ni kitendo cha kupaka rangi na mafuta. Juu ya, ambalo kwetu linabeba sababu ("Juu ya nini haukukuya?", yaani kwa nini hukuja), katika sanifu husema mahali, juu ya meza, au jambo linalozungumzwa. Ukiona juu ya kati ya machaguo na sentensi inadai sababu, sikio la Katuba litakuvuta huko. Tafuta kwa sababu, kwa kuwa, kwa maana, au kutokana na.

Sentensi ya pili: "Dereva alifika Kasumbalesa mapema; ______ hakuvuka mpaka hadi kesho yake." Machaguo: kwa hiyo, hata hivyo, ili, kwa sababu. Hapa ulichagua kwa hiyo, na ulinieleza kwamba ulikuwa unatafuta "lakini" na hukuiona. Dada, ulikuwa umeshapata jibu! Ulitabiri neno sahihi, kisha ukalitupa kwa kuwa halikuandikwa pale kwa sura uliyoizoea. Ukishatabiri lakini, kazi inayobaki ni kutafuta ndugu yake kati ya manne, na ndugu yake ni hata hivyo.

Viunganishi vinastahili siku zako kadhaa, kwa kuwa ni vichache na kila kimoja kina tabia inayojulikana. Kufika mapema humfanya msikilizaji ategemee kuvuka mapema. Sehemu ya pili ikivunja tegemeo hilo, kiunganishi ni cha upande wa lakini: hata hivyo, ila, ilhali. Ingawa hufanya kazi hiyohiyo, ila hutangulia ile sehemu nyingine: "Ingawa alifika mapema, hakuvuka." Sehemu ya pili ikiwa tunda la ya kwanza, ni kwa hiyo, hivyo, ndiyo maana. Ikirudi nyuma kueleza chanzo, ni kwa sababu, kwani, maana. Ili hutazama mbele kwenye lengo, na karibu kila mara hufuatwa na kitenzi kinachoishia na -e: ili avuke, ili wapakue. Katika sentensi yako kitenzi ni hakuvuka, kwa hiyo ili lilianguka kwa sarufi hata kabla ya maana. Umeona kwamba kitenzi kimoja kinaweza kukufutia chaguo bila kutumia akili nyingi? Vidokezo vya namna hii ndivyo vya kukimbilia kwanza.

Nakuja kwenye sentensi ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. "______ uliopotea ofisini ulikuwa na sahihi ya mkurugenzi." Machaguo: barua, hati, mkataba, cheti. Ulichagua barua.

Kwa maana tu, huwezi kulitatua swali hili hata ukikaa nalo usiku kucha. Barua hupotea ofisini. Hati hupotea. Mkataba, cheti, vyote hupotea na vyote huwa na sahihi. Anayetunga swali kama hili amekuwekea karatasi nne makusudi ili maana isikusaidie. Jibu limefichwa katika herufi moja, u, iliyorudiwa mara mbili: uliopotea, ulikuwa. Barua ingesema iliyopotea ilikuwa. Hati vilevile. Cheti kingesema kilichopotea kilikuwa. Ni mkataba pekee unaosema uliopotea ulikuwa.

Mbona hukuiona hiyo u? Kwa sababu nyumbani ungesema "mukanda yenye ilipotea" (mukanda kwetu ni barua), na "kitabu yenye ilipotea", na "lori yenye ilipotea". Yenye na i- zinahudumia karibu kila kitu kisicho mtu. Tangu utotoni sikio lako limejifunza kwamba herufi ile ya mwanzo wa kitenzi haibebi habari yoyote, na sikio lenye busara huacha kusikiliza kisichobeba habari. Mtoto wa Unguja haijui sheria ya ngeli kukuzidi, lakini akisikia uliopotea anaanza kungojea mkataba, ufunguo, mkoba au mzigo, na barua haimjii kabisa. Kwake herufi ile inasema mengi. Wewe itabidi uifundishe jicho, kwa kuwa sikio limechelewa.

Habari njema ni kwamba upatanisho una mwisho. Maneno ya kamusi hayaishi, ila viambishi vya ngeli vinaenea kwenye ukurasa mmoja: a- na wa- kwa viumbe hai, u- na i- kwa mkataba na mikataba, li- na ya- kwa lori na malori, ki- na vi- kwa cheti na vyeti, i- na zi- kwa barua, u- na zi- kwa ufunguo na funguo, ku- kwa kitenzi kinachotumika kama jina, na vile vya mahali, pa-, ku- na mu-. Wiki moja ya kusoma kwa sauti inatosha kuvifahamu, ingawa kuvizoea ni jambo la muda mrefu zaidi. Jihadhari na mitego miwili. I- si ya barua peke yake, mikataba mingi nayo husema iliyopotea. Kisha kiumbe hai hufuata a- hata jina lake likianza na ki-: kijana amefika, kiongozi ameondoka. Ukikuta "______ amechelewa" usiliondoe neno kijana eti kwa sababu ya ki-.

Kutokana na hayo kuna jambo moja kuhusu mpangilio wa sentensi ya Kiswahili ambalo naona halisemwi vya kutosha. Katika Kiswahili jina hutangulia, sifa na kitenzi huja nyuma yake. Kwa hiyo likikosekana jina, vidokezo vyake karibu vyote viko kulia kwa pengo: kivumishi, kitenzi, -angu, -le, -o ya rejeshi kama ile ya uliopotea. Kikikosekana kitenzi, geuka kushoto umtafute mtenda, kisha urudi kulia uone anatenda nini. Anayesoma hadi penye pengo tu na kusimama hujinyima nusu ya ushahidi, na katika pengo la jina hujinyima karibu wote.

Kitu kingine utakachokutana nacho, hasa kwa kazi unayoiomba, ni maneno yanayoishi pamoja. Chukua hii: "Idara ya forodha ______ kila lori ushuru kabla halijavuka." Inalipa au inatoza? Yote mawili ni ya ushuru, yote mawili yanapatana na idara. Amua kwa kuuliza pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Mwenye lori analipa, forodha inatoza. Safari hufungwa, tiketi hukatwa, kura hupigwa, rufaa hukatwa, mkataba hutiwa sahihi, shehena hupakiwa na kupakuliwa. Huwezi kuyakisia haya kwa kanuni, kwa kuwa hakuna kanuni inayoeleza kwa nini tamaa hukatwa. Unayapata kwa kuyasoma mara nyingi yakiwa pamoja. Ndiyo sababu orodha yako ya maneno ishirini haikukusaidia: ulijifunza neno kata likiwa peke yake, halafu kwenye jaribio likaja limeshikana mkono na rufaa.

Vidokezo vingine ni vyepesi, nivitaje tu. Yaani hutanguliza maelezo ya neno lililopita, hivyo pengo lililo kabla ya yaani limeshafafanuliwa mbele yako. Kamwe na katu huandamana na kukanusha. "Si mkali tu" hudai bali. Na usichague neno kwa urefu wake au kwa sababu lina kh na gh ndani yake. Wengi huamini kwamba sanifu ni Kiswahili cha maneno mazito, wakiona fauka ya hayo wanalibeba. Watungaji wa majaribio wanalijua hilo vizuri sana.

Kwa wiki sita zako ningefanya hivi. Kamusi uliyonayo ibaki, lakini ibadilishe kazi. Kama ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kila jina limewekewa alama ya ngeli, i-/zi-, u-/i-, ki-/vi-. Kila unapotafuta maana, soma na alama hiyo, uandike neno likiwa ndani ya sentensi fupi yenye kitenzi. Achana na mpango wa A hadi Z.

Kisha jitengenezee mapengo mwenyewe. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza njia ya kupima ugumu wa maandishi: unafuta maneno kwa nafasi zinazolingana, kisha unaona wasomaji wanaweza kurudisha mangapi. Alikuwa anapima maandishi, si watu, lakini njia yake ni mazoezi mazuri na ni ya bure. Chukua habari fupi kutoka BBC Swahili au DW Kiswahili, inakili kwa mkono, ukiacha wazi kila neno la tano. Iache hadi kesho yake. Ijaze bila kutazama, kisha linganisha. Neno lako likitofautiana na la mwandishi lakini maana na upatanisho vikasimama, usijihesabie kosa. Likianguka, andika pembeni limeanguka kwa nini: maana, kiunganishi, ngeli, au maneno yanayoishi pamoja. Baada ya kurasa kama kumi hutahitaji mtu akuambie udhaifu wako uko wapi. Nakisia utakuta ngeli zinaongoza kwa mbali, ila daftari lako lina haki ya kunipinga.

Redio inasaidia pia, kwa kuwa unasikia viambishi vikitamkwa, lakini peke yake haitoshi. Habari hupita mbio na masikio yetu hurudi kuruka viambishi kama yalivyozoea. Isikilize ukiwa na maandishi ya habari ileile mbele yako, ukiweza. Madereva wa Kitanzania walioko Kasumbalesa ni walimu wazuri wa maneno ya kazi, shehena, stakabadhi, foleni ya mizani, na ukipata wa kuongea naye usiiache nafasi hiyo. Ila na wao wana Kiswahili chao cha barabarani, kwa hiyo usiende kwenye jaribio ukinukuu kila ulichosikia kwenye maegesho.

Sitakudanganya kuhusu muda. Wiki sita hazikufanyi uandike kama mtu wa Dar. Zinaweza kukufanya uone masharti ya pengo, na hilo ndilo linalopimwa. Katika chumba cha jaribio funika machaguo, soma hadi nukta, weka neno lako mwenyewe hata kama ni la Katuba, kisha tafuta ndugu yake. Mawili yakikubalika kwa maana, angalia kiambishi. Ukikwama, weka alama uende mbele. Sentensi moja isile dakika za sentensi tatu.

Kuna hali ambapo barua yangu haitakufaa na itabidi umwone mtu. Mwombe ndugu akusomee kwa sauti sentensi kumi za jaribio huku wewe ukijibu kwa mdomo. Ukipata nyingi zaidi kuliko ulipozisoma mwenyewe, shida yako ni ya kusoma kuliko ya lugha. Ikiwa pamoja na hayo mistari inakuchanganya, unarudia mstari uleule au kichwa kinauma baada ya ukurasa mmoja, nenda ukapimwe macho kabla ya kitu kingine chochote. Watu wazima wengi wamehangaika na masomo kumbe walihitaji miwani. Na ikiwa baada ya wiki tatu za mazoezi makosa ya ngeli hayajapungua, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana mara mbili kwa wiki. Ulizia kwenye idara za lugha za Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kwenye ISP, chuo cha kufundishia walimu. Kabla ya kumlipa, mpe sentensi ile ya mkataba uone anaanza wapi. Akianza kukueleza maana ya barua na cheti, mshukuru uendelee kutafuta. Akiweka kidole kwenye ile u, kaa chini.

Ukifanya jaribio la tatu, niandikie tena na uniletee sentensi zote, hata ulizopata. Pembeni mwa kila moja niandikie neno ulilolitabiri kabla ya kuondoa kiganja.